Vyumba vya Uani kwa Mama Orpha

Hakuna kitu kilichomchosha Mama Orpha mwaka ule kama lile bango. Kulitundika alilitundika mwenyewe, kwa waya, kwenye geti lake mwenyewe, kama ofisi ya mipango ya jiji ilivyomwagiza. Lilikuwa karatasi kubwa ndani ya nailoni, likiwaeleza wapita njia wote wa Bertrams, mtaa wa Johannesburg, kwamba mwenye nyumba hii anaomba ruhusa ya watu kuishi katika vyumba vitatu vya uani, na kwamba mwenye neno aliseme. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alijifunga kitenge akatoka kwenda kulitazama. Mvua ikinyesha, analifuta. Upepo ukivuma, anakaza waya. Likidondoka, maombi yanaanza upya. Likibaki, majirani wanalisoma. Sasa hapo mtu amwombe Mungu lipi? Akawa analilinda bango na kuliogopa papo hapo.

Vyumba vyenyewe alivijenga mumewe, marehemu Elisée, tofali moja moja, kila alipotoka zamu ya ulinzi. Nyumba waliinunua bati likivuja na kuta zikinuka unyevu, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku ya mechi vyombo vilitikisika kabatini. Kwao Uvira, kule Kongo, mtu akishakuwa na kiwanja anajenga, basi. Nani aombe ruhusa ya kujenga uani kwake? Elisée hakuwa mkaidi, alikuwa mtu wa kwao tu. Akajenga, akapiga plasta, akaezeka, akafa kabla ya kupaka rangi.

Rangi alipaka mjane. Chumba cha kwanza waliingia Bakiri, fundi umeme wa Tanga, na mkewe Zabibu, na humo ndimo mtoto wao Nusaiba alimojifunza kutembea. Cha pili akakaa Victoire, msusi wa Yeoville, binti wa Lubumbashi asiyejua kunong'ona. Cha tatu Mama Orpha alikiachia wageni: aliyeshuka basi jana na hana pa kulala, aliyefukuzwa na shemeji, mwenye mtoto mchanga na hana mtu. Kodi ya vile viwili, pamoja na cherehani yake, ndiyo iliyomweka mjini. Ndipo afisa mmoja alipopita na kumwambia, kwa adabu kabisa, kwamba vyumba hivyo havimo katika ramani yoyote. Aombe ruhusa. Akinyimwa, vitavunjwa.

Neno hilo, kuvunjwa, halikumtoka kichwani. Alikula nalo na kulala nalo. Alimshonea bibi harusi mmoja mikono miwili ya kushoto, naye hajawahi kukosea mkono tangu alipokuwa msichana.

Pingamizi likaja, tena kutoka upande wa pili wa ukuta. Mzee Abílio, Mreno wa Madeira aliyewahi kuuza mboga kule chini karibu na robot, yaani taa za barabarani, alikuwa amekaa mtaa huo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuwahi kugombana na Mama Orpha. Walisalimiana juu ya ukuta, yeye kwa Kireno, mama kwa Kifaransa, kila mmoja akidhani mwenzake ameelewa. Sasa mzee alikuwa ameandika ofisini kwamba ile si nyumba, ni ukumbi. Magari yanaziba geti lake, nyimbo haziishi, watu wanaingia hawahesabiki, na vyumba vikiruhusiwa wataongezeka.

"Ukumbi!" Mama Orpha alisema, Victoire alipomsomea. "Nyumba yangu iko ukumbi?"

Victoire akatazama dari. Bakiri, aliyekuwa akitengeneza swichi ya jikoni, akakohoa.

Tuseme ukweli, mzee hakudanganya. Jumatano walikuja watu wa maombi. Jumamosi walikuja wa vikao vya harusi, maana sebule ya Mama Orpha ilikuwa kubwa na mkono wake mwepesi wa kutoa. Mkongo yeyote aliyefiwa akiwa anaishi chumba kimoja na watu sita kule Berea, matanga yake yalikaa kwa Mama Orpha, na matanga si jambo la kunong'onezana. Mtu akilia, analia. Watu walipoimba hadi vioo vikatetemeka, mama alijisikia ameishi vizuri siku hiyo. Hakuwahi kujiuliza vioo vya jirani vinafanya nini.

Basi akaitwa kwenye simu. Alhamisi asubuhi mkaguzi wa jiji atafika kuangalia vyumba na nyumba nzima, na atakachokiona ndicho atakachokipeleka mbele ya jopo la kuamua.

"Mama, sikiliza," Bakiri alimwambia jioni hiyo, akiwa amechuchumaa mlangoni kwa heshima. "Siku hiyo nyumba iwe kimya. Mimi nitakuwepo, Zabibu atakuwepo, mtoto atakuwepo, Victoire achelewe kwenda saluni. Basi. Aone watu wanaishi kama watu. Anakuja kupima ukuta huyo, haji kuposa."

"Sawa, mwana wangu. Kimya."

Alikubali kwa moyo mmoja, na ule moyo mmoja ulidumu hadi alipobaki peke yake na cherehani. Kwani nyumba kimya inaonekanaje machoni pa mkubwa? Akamkumbuka baba yake. Watu wa leta, yaani wa serikali, walikuja kupima kiwanja chao Uvira, naye baba akawapokea peke yake, na fulana yake imetoboka, hana kiti cha kuwapa wala chupa ya fanta. Walipima, wakaandika, wakaondoka bila kuaga. Msimu wa mahindi haujaisha, kiwanja kikawa cha mtu mwingine. Mama yake aliimba jambo moja mpaka alipozikwa: walimnyang'anya kwa sababu walimkuta hana watu. Wangekuta uani kumejaa jamaa wangeona haya.

Orpha alikuwa mtoto, na mtoto akiambiwa kitu hivyo haulizi ushahidi. Sasa alikuwa mjane, mgeni katika nchi ya watu, Kiingereza chake cha kuokoteza, naye atasimama mbele ya mtu wa leta na wapangaji watatu na mtoto mmoja. Alipofika kanisani Jumanne akamvuta pembeni Angélique, rafiki yake wa tangu utotoni Uvira, anayekaa mtaa wa Observatory.

"Alhamisi mutu ya leta anakuya kwangu. Upite kidogo, mama. We na bamama kidogo tu. Asinikute peke yangu."

"Kidogo tu," alisema Angélique, na wote wawili waliamini.

Alhamisi ilipofika, alfajiri Mama Orpha alikuwa na sufuria mbili jikoni: sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa, kwa wale wachache. Saa mbili akasikia gari, akachungulia. Ni Pitchou, kiongozi wa kwaya, anashusha viti vya plastiki. Nyuma yake vijana wawili wanashusha hema.

"Pitchou, hii ni ya nini?"

"Maman, mukubwa asikae kwa jua!" Pitchou alishangaa kuulizwa. "Heshima njo hiyo. We tulia, leo iko siku ya kukusimamia."

Wakaja akina mama wa Jumatano, wamevaa kitenge kimoja, kile cha sikukuu. Wakaja wa Berea. Wakaja waliowahi kulala chumba cha tatu, wengine aliwasahau majina, kila mmoja na chungu au kreti ya soda. Mama Orpha alisimama mlangoni akiwatazama. Alitaka kuwaambia warudi. Hakuweza, maana furaha nayo ilikuwa imempanda: hawa wote wameacha kazi siku ya kazi, wamekuja kwa ajili yake. Leo hakuna wa kumwona hana watu. Papo hapo alijiona kama mtu aliyesahau kitu kwenye moto na hakumbuki ni nini.

Bakiri alikuwa ameenda kununua gesi. Aliporudi akakuta hema limesimama, wanawake wanapepea mkaa, na gari la Pitchou limeegeshwa mbele ya geti la Mzee Abílio. Akaweka mtungi chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ala! Mama, hii nini tena? Jamani, mama, huyu mzee kasema hapa ni ukumbi!"

Hapo ndipo Mama Orpha alipokumbuka alichosahau kwenye moto. Akageuka, akafungua kinywa awafukuze wote, na vigelegele vikalipuka getini. Mkaguzi alikuwa ameshafika.

Alikuwa mwanamke wa makamo, Mzulu, jina lake Khethiwe, na viatu vya kutembelea. Alikosa pa kuegesha, akatembea kutoka kona, jalada kwapani na futi ya chuma mkononi. Kwaya ilipomwangushia wimbo alisimama kando ya bango akatazama nyuma yake, kama kwamba kuna mtu mwingine anayekaribishwa.

"Kuna shughuli leo, Mama?" aliuliza kwa Kiingereza. "Ningeweza kuja siku nyingine."

"Hapana," alisema Mama Orpha. "Ni wewe. Shughuli ni wewe."

Bi Khethiwe hakucheka. Akaomba kuonyeshwa vyumba. Akapima milango, akafungua na kufunga madirisha, akamwaga maji kwenye sinki kuona yanakokwenda. Bakiri alimfuata akimwonyesha nyaya na vikata umeme, na mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa kitambo kidogo Mama Orpha akapumua. Kuta za Elisée zilikuwa zimenyooka. Lakini kila alipotoka chumba kimoja kwenda kingine, mkaguzi alipita katikati ya watu, na watu wakampisha na kumsogezea viti. Hatimaye akasimama chini ya hema akauliza, bila ubaya wowote: "Hawa wote huwa wanakuja hapa?"

Angélique ndiye aliyeanza. Aliinuka kabisa, kama anayetoa ushuhuda kanisani.

"Madam, kila mara! Huyu mama ni mama yetu sote. Mimi nilipofika Johannesburg nililala hapa, mimi na watoto wangu."

"Mume wangu alipokufa," alidakia mwingine, "matanga yalikaa hapa wiki nzima. Watu walijaa mpaka barabarani!"

"Na maombi kila Jumatano!" Pitchou alisema. "Usiku kucha, mwisho wa mwezi!"

"Mtoto wangu alizaliwa chumba kile pale!"

Walishindana kumsifu. Kila mmoja alitafuta sifa kubwa kuliko ya mwenzake, na kila sifa ilikwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya mkaguzi. Mama Orpha Kiingereza alikielewa kuliko alivyokisema. Alisikia pingamizi la Mzee Abílio likisomwa upya, mstari kwa mstari, na midomo inayompenda. Akamkonyeza Angélique, naye akadhani ni haya. Akamvuta Pitchou shati, na Pitchou akawaambia watu, "Mmeona? Hataki kusifiwa!" Wakapiga makofi. Mama Orpha akakaa kwenye kiti cha mgeni.

Akafanya la mwisho, na lilikuwa baya kuliko yote. Mkaguzi alipokunja futi yake ili aondoke, Mama Orpha akakimbilia ndani akatoka na kitenge kipya, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Kwao mgeni hatoki mikono mitupu. Bi Khethiwe akainua kiganja haraka, akatazama huku na huku.

"Mama, hapana. Tafadhali. Rudisha ndani, na mimi sijaona kitu."

Akakubali maji tu. Alikunywa akiwa amesimama, akamrudishia bilauri, na sauti yake ikashuka kidogo. "Bibi yangu kule Nongoma angenipokea hivi hivi. Lakini mimi naandika ninachokiona, Mama. Hiyo ndiyo kazi." Akatoka. Juu ya ukuta kofia ya Mzee Abílio ilikuwa imesimama muda wote huo.

Watu walikula, wakaimba, wakamwambia imekwenda vizuri sana. Mama Orpha hakumeza kitu. Angewakasirikia vipi? Yeye ndiye aliyewaita.

Kungoja jopo kulimkondesha. Akisikia lori mtaani anatoka kuangalia kama lina nyundo. Zabibu akaanza kutafuta chumba Berea kimyakimya, na mama akajua, akajifanya hajui. Usiku alimsikia Nusaiba akilia uani, akajiuliza mtoto huyo atalilia wapi mwakani.

Siku ya jopo alikwenda ofisi za jiji, Braamfontein, na Bakiri, amevaa gauni la kanisani. Taarifa ya Bi Khethiwe ikasomwa. Aliandika alichokiona, kama alivyosema: kuta imara, hewa ya kutosha, maji yanakwenda yanakopaswa, wapangaji wasafi, na mkusanyiko mkubwa, ambao kwa maelezo ya waliokuwepo ni wa kawaida. Kitenge hakikutajwa. Kisha Mzee Abílio akasimama, na suti iliyompwaya.

"Mimi sina chuki na huyu mama," alisema. "Lakini siku mke wangu alipobanwa na moyo, ambulansi ilikosa pa kuingia. Walikuwa wanaimba. Nilipiga hodi, hakuna aliyesikia. Mke wangu alipona. Mimi sijapona na ule woga."

Mama Orpha alimgeukia Bakiri. Hakuwa akijua. Wiki ngapi wamesalimiana juu ya ukuta, na mzee hakumwambia, au alimwambia kwa Kireno. Aibu ikamwaka usoni.

Uamuzi ukaja kwa sauti ya mwenyekiti asiyeinua macho. Vyumba vimeruhusiwa, vikae watu. Bakiri akamkamata mkono akaubana. Lakini kuna sharti: nyumba itumike kama makazi tu. Ibada, sherehe, misiba na mikusanyiko ya aina yoyote isifanyike humo. Sharti likivunjwa na ikathibitishwa, ruhusa inafutwa, na vyumba vinaondolewa.

Mama Orpha akainua mkono. Bakiri akajaribu kuushusha, hakuweza.

"Mukubwa, samahani. Mkusanyiko ni watu wangapi?"

Mwenyekiti akatazamana na wenzake. "Hatuweki idadi, Mama. Wageni wa kawaida wa familia hawana tatizo. Tumia busara."

Eish, busara! Afadhali wangemwambia saba, akajua wa nane arudi. Tangu siku hiyo kila hodi ikawa hesabu. Akija Angélique na binti zake, Mama Orpha anawapokea kwa mdomo na macho yanakwenda ukutani. Watu wakicheka sebuleni, anafunga dirisha. Maombi ya Jumatano yalihamia kwa Pitchou, Berea, ghorofa ya sita, watu wamebanana kwenye ngazi. Msichana mmoja akatumwa kwake kutoka stesheni na begi lake, kama ilivyokuwa zamani, naye akampa chai, akampa nauli, akamwelekeza kwingine. Chumba cha tatu akampangisha kijana mwanafunzi asiye na marafiki. Wapangaji wake walilala usingizi. Zabibu aliacha kutafuta chumba. Na maneno yakaanza kusemwa kanisani, kwamba Mama Orpha amepata karatasi, sasa amekuwa mzungu. Yalimfikia.

Majira ya baridi, asubuhi, akiwa kwenye cherehani, simu ikaita kutoka Uvira. Yaya Régine amekufa. Huyo yaya ndiye dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa, aliyemfundisha kushika sindano, aliyeuza mbuzi wake wawili ili Orpha apate nauli ya kusafiri. Mama Orpha aliweka simu juu ya kitambaa. Akafungua kinywa, na kilio kikatoka kikubwa, kile cha kwao, kinachoita watu. Alikisikia mwenyewe. Akakikata katikati, akajiziba na kitenge alichokuwa akishona.

Victoire akaingia mbio, akaelewa, naye akaangua kilio. "Polepole, mwana wangu," mama alimsihi huku machozi yanamtiririka. "Polepole. Funga dirisha."

Habari hazisubiri. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa njiani, maana yeye aliwakalia matanga wote, na leo ni zamu yake. Nani angebaki kwake? Bakiri akaja kupiga magoti pembeni ya mkeka wa matanga aliokalia mama.

"Mama, pole sana. Wanakuja. Wengine wako kwenye kona na Pitchou. Useme wewe. Ukisema waingie, wataingia wote, na yatakayokuja tutayaona pamoja. Zabibu kasema hivyo hivyo."

Mama Orpha alimtazama. Nyuma yake mlangoni alisimama Nusaiba, kidole mdomoni, akishangaa mtu mzima anayelia. Maskini mama wa watu, aliombwa achague kati ya wafu wake na mtoto wa mwenzake, na moyo wake bado haujaamini hata kwamba yaya hayupo.

"Baingie batatu batatu," alisema. "Wakitoka hao, waingie wengine. Magari bayaache mbali. Na basiimbe."

Ndivyo matanga ya Yaya Régine yalivyokaa. Watatu wanaingia, wanakaa mkekani, wanashika mkono wa mfiwa, wanatoka kuwapisha wengine, kama watu wanaotazama mgonjwa hospitalini. Wengine walisimama chini kule ukutani mwa uwanja wa mpira, kwenye baridi, wakisubiri zamu. Pitchou, mtu wa sauti kubwa, alikaa zamu nzima akitazama mikono yake, midomo ikicheza bila kutoa kitu. Ndani mlisikika saa ya ukutani. Mama Orpha hakuwahi kujua kwamba saa yake inapiga kelele.

Angélique aliipata habari kwa kuchelewa. Alikuja kutoka Observatory kwa miguu, ameshuka mlima akilia, na hakuna aliyemwahi kwenye kona. Alikuwa amecheza na Régine ziwani, amesukwa na Régine. Kwao anayekuja msibani hulia kuanzia getini, ili mfiwa aliye ndani asikie kwamba amejiwa. Alipotia mkono kwenye geti akaachia kilio chote.

"Yaya weee! Régine wee! Umetuacha na nani?"

Kwa desturi mfiwa habanduki kwenye mkeka. Watu ndio humjia. Mama Orpha aliinuka. Alikuwa amesikia pia mlango wa jirani ukifunguka, na viatu vya mzee kwenye saruji. Akapita katikati ya wageni wake watatu, peku, kitenge kikimdondoka, akatoka uani mbio kama anayezima moto. Akamfikia Angélique getini. Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza," alisema. "Dada yangu, nakuomba, nyamaza."

Macho ya Angélique yalimtoka juu ya kile kiganja. Hakuna mtu aliyewahi kunyamazishwa na mfiwa. Walisimama hivyo, na juu ya ukuta akatokea Mzee Abílio. Safari hii alikuwa ameivua kofia, ameishika kifuani.

"Pole sana, Mama," alisema kwa Kiingereza, taratibu. "Pole kwa msiba."

Mama Orpha alimtazama. Mkono wake haukutoka mdomoni mwa rafiki yake.

"Samahani kwa kelele," akamjibu.